Chia loweka kwanza jamani
Wale mnaotumia mbegu za chia naomba msizibugie kavu halafu mkashushia na maji, zinavuta maji hadi mara 10 ya uzito wake na zikianza kuvimba zikiwa bado kooni ni hatari kweli. Loweka. Kijiko kimoja cha chakula kwenye nusu glasi ya maji au maziwa, koroga, baada ya dakika 5 koroga tena maana hapo ndo zinashikana mabonge chini, halafu ziache kama dakika 20 hivi utaona kila mbegu imejivika utelezi kama wa bamia. Huo utelezi ndo wenyewe, ni nyuzinyuzi zinazolainisha choo na kukufanya ushibe muda mrefu, gramu 28 tu zina nyuzinyuzi karibu gramu 10, na omega-3, yale mafuta mazuri kwa mwili, imo. Mi nachanganya kwenye uji. Ukiwa unaoka na mayai yameisha, kijiko 1 cha chakula cha chia kwa vijiko 3 vya chakula vya maji kinashika nafasi ya yai moja. Kama hujazoea anza na kijiko cha chai, tumbo linaweza kujaa gesi, na maji kunywa ya kutosha.