Ukitaka mpapindi uani kwako, otesha mbegu, usiende kung'oa msituni Ngezi

Mpapindi, mti wa jamii ya minazi, ukishauona tu utautaka, hilo halina ubishi. Mashina ya kijani yana pete nyeupe, yanatoka kadhaa kwenye kitako kimoja, unaweza kufika mita 12 hivi, na matunda yakiiva mekundu kabisa. Shida ni kwamba watu wakiutaka wanawaza njia ya mkato, wapite msituni wachomoe mche. Jamani hapana. Huu mti kwa asili hauoti kwingine popote duniani ila kisiwani Pemba, na zaidi ni kule kaskazini, kwenye misitu ya Ngezi na Msitu Mkuu. Ndugu zake karibu wote wako Madagaska, wachache Komoro, upande wetu huku ni huu peke yake. Wataalamu wanauita Chrysalidocarpus pembanus, ukikuta pahala wameandika Dypsis pembana ni huo huo.

Na ule mche wa kuchomoa wala haukufai, maana mizizi ikikatika ukiwa mdogo mara nyingi unakauka tu, umeharibu msitu na nyumbani hujapata kitu.

Kwa hiyo kwanza tafuta mti mzazi uliopandwa, kwa mtu au kwenye bustani, umuombe mwenyewe mbegu. Ngezi ni hifadhi, huokoti hata tunda bila ruhusa ya watu wa misitu, Zanzibar kuna sheria ya misitu namba 10 ya 1996 na ipo kazini. Kama shida yako ni kuuona tu ni rahisi, panda daladala mpaka Konde, kutoka hapo geti la msitu ni kilomita chache, lipia kiingilio na uchukue muongozaji, yeye atakuonyesha mpapindi wenyewe.

Nasema wenyewe kwa sababu mitaani watu wanauziwa vitu vingine. Ule wa mahotelini, unaofanya kichaka kinene na vikonyo vya majani vya manjano, sio huo, ule ni wa Madagaska na matunda yake hayawi mekundu. Mpopoo nao sio, ule una shina moja tu limesimama wima na popoo zake ni kubwa. Ukiwa na wasiwasi subiri matunda yaive, rangi na ukubwa wake ndo vitakwambia.

Haya, mbegu. Chukua matunda mekundu yaliyoiva, ya kijani yaache. Nyama ya nje lazima itoke yote, loweka siku moja au mbili alafu sugua na mchanga mkavu mpaka utelezi uishe, ukibakisha nyama inaota ukungu na mbegu inaoza. Tia kwenye maji, zinazoelea mara nyingi ndani hamna kitu. Alafu usizianike juani kama mpunga! Hapa ndo wengi wanapozipoteza, mbegu za jamii hii zikikauka zinakufa, na kwenye friji pia usiweke. Panda mbichi, siku hiyo hiyo au kesho yake.

Udongo uwe mwepesi, mchanga na mboji nusu kwa nusu inatosha, kiriba (mfuko wa plastiki wa kuoteshea) kitobolewe vizuri chini maana maji yakituama kwisha habari. Fukia mbegu juu juu, ijifunike tu, mwagilia, weka kivulini penye joto. Baada ya hapo ni subira, nyingine zinatoka baada ya mwezi, nyingine miezi mitatu hata zaidi, na hazitoki pamoja, kwa hiyo usimwage kiriba kwa sababu jirani yake kimeshaota, na usifukue fukue kuangalia, utavunja mzizi bure.

Jani la kwanza likitoka, mche ubaki kivulini, jua la saa saba linauunguza. Kila ukikua upe mwanga kidogo kidogo. Kuhamishia ardhini ngoja masika, toa kiriba bila kuvunja donge la udongo, shimo liwe na samadi iliyooza vizuri (mbichi inaunguza mizizi), na usifukie shina zaidi ya lilivyokuwa kwenye kiriba. Nafasi acha ya kutosha maana mashina yataongezeka. Usiuweke sehemu inayopigwa na upepo wa pwani moja kwa moja, huu ni mti wa msitu wenye unyevu. Ukiwa Dar, Tanga au Mombasa hali ya hewa haiko mbali na ya kwao, ila sehemu za baridi za bara utakua kwa shida.

Kukata: makuti yaliyokauka tu. Kilele cha shina usikiguse kabisa, ukikikata lile shina limekufa, halichipui tena, mengine ya pembeni ndo yatakayobaki.