Vitabu vya udaktari: kipi ununue, kipi uazime

Boom, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, likiingia, wadogo zangu wa mwaka wa kwanza hapa Moshi huanza kuulizana bei za vitabu kabla hata hawajajua maktaba iko jengo gani. Tulieni kwanza. Orodha mliyopewa imeandikwa na idara nyingi, kila moja imetaja vitabu vyake vitatu au vinne, na hakuna aliyekaa kujumlisha gharama. Mimi nimeshamaliza MD, shahada ya udaktari, sasa niko wodini, na hivi ndivyo ninavyowaelekeza wanaonifuata na orodha mkononi.

Hatua ya 1: Usinunue kitu mpaka jaribio la kwanza lipite

Hadi hapo slaidi za mhadhiri, mitihani iliyopita na vitabu vya maktaba vinakutosha. Mwulize mkutubi pia namna ya kuingia Hinari, mpango wa WHO unaovifungulia vyuo vya nchi kama yetu majarida na vitabu vya tiba. Ukitaka ushauri, mtafute wa mwaka wa tatu. Wa mwaka wa pili bado anatetea alichonunua.

Hatua ya 2: Shindanisha vitabu kwa mada moja

Hapa ndipo penye kazi. Chagua mada iliyokutoa jasho darasani. Kwa anatomia napenda mtandao wa neva za mkono, ule unaoanzia kwenye neva za uti wa mgongo za C5 hadi T1, shingoni na juu ya kifua, na kuishia kwenye matawi makuu matano. Azima Snell, Moore na kingine chochote kilichomo kwenye orodha, usome mada hiyo hiyo katika kila kimoja, siku tofauti. Ukimaliza funga kitabu, chukua karatasi tupu, uchore mtandao wote. Kisha jiulize kwa sauti: mgonjwa akivunjika humerasi, mfupa wa mkono wa juu, katikati, neva ipi iko hatarini, na mkono wake utakuwaje? Kitabu kilichokuwezesha kusema bila kuchungulia kwamba ni neva ya radiali, na kwamba kiganja kitaning'inia asiweze kukiinua, hicho ndicho chako. Darasa zima lisifie kingine, shauri yao.

Hatua ya 3: Toleo litazame kulingana na somo

Mwili ni ule ule, kwa hiyo atlasi ya anatomia (kitabu cha picha za mwili) ya mtumba iliyopitwa na matoleo mawili haina shida, na bei yake hushuka sana. Guyton, kitabu cha fiziolojia (jinsi mwili unavyofanya kazi), nacho hakichuji haraka.

Dawa ni kesi nyingine. Tangu 2011 WHO inapendekeza sindano ya artesunate kwa malaria kali, kwa watoto na watu wazima; kitabu cha zamani bado kitakupeleka kwenye kwinini. Jibu hivyo mbele ya daktari bingwa kwenye raundi ya wodini uone. Kwa upande wa matibabu mimi nisingetoa hela kabisa. Pakua mwongozo wa taifa wa matibabu wa Wizara ya Afya, toleo jipya lililopo. Ni bure, na umeandikwa kwa kufuata orodha ya dawa muhimu za nchi hii hii utakayofanyia kazi.

Hatua ya 4: Sasa nunua, vichache

Miaka miwili ya mwanzo: atlasi moja ya karatasi, maana kufuata mshipa kwenye kioo cha simu ni kujitesa, na kimoja cha fiziolojia kama kimeshinda kwenye hatua ya 2. Biokemia? Slaidi. Najua wahadhiri hawatanipenda.

Ukianza kuingia wodini, nunua kitabu cha kumchunguza mgonjwa, Macleod au Hutchison. Hiki hata kipya nunua, utakuwa nacho kitandani kwa mgonjwa kila siku. Harrison, kile kinene cha magonjwa ya ndani, kiache maktaba.

Hatua ya 5: Kagua kabla ya kulipa

Vingi huuzwa na wanaohitimu, kupitia magrupu ya WhatsApp. Kutaneni mchana. Fungua kwanza kurasa za picha, hasa za mkono, mguu na fuvu, ndizo hunyofolewa. Rangi zikiwa zimefifia na maandishi yamekaa upande, hiyo ni kopi iliyovalishwa jalada zuri. Kunja kitabu kidogo uone kama gundi imeachia. Kubaindi upya ni hela nyingine, ipunguze kwenye bei. Ukishakuwa nacho, pigia mstari kwa penseli, si kwa hailaita (kalamu ya rangi ya kung'aa), kwa sababu mwaka wa tatu wewe ndiye utakuwa unaiuza hiyo atlasi.