Namna kamera ya filme inafanyaka kazi: batoto, kamateni kaye na biki

Tafuta kaye ya zamani, ile mama anataka kuwashia makala, umuombe kwanza. Anzia karatasi ya mwisho, mu kona ya chini, chora chukudu (ile ya mbao, yenye magurudumu mbili, ya kubeba mizigo) juu ya kilima, kama zile zinashukaka Kibumba, kaskazini ya Goma, na mashu. Karatasi yenye iko juu yake chora ile ile chukudu lakini imeshuka kidogo, unene wa kijiti cha kiberiti tu, utaona ile ya chini ju karatasi ni nyepesi, kisha tena, kisha tena mpaka 24, na usisikie uvivu ju ukiruka ruka chukudu nayo itaruka kama chura.

Sasa achilia karatasi na kidole gumba, mbio mbio, kutoka nyuma. Inashuka! Lakini angalia muzuri, hakuna chukudu hata moja yenye inatembea mu ile kaye, ni macho na ubongo wetu njo inaunganisha.

Kamera ya filme haikamatake mwendo. Inakamata foto zenye zimesimama, 24 kwa segonde moja, kwa dakika ni 1440, kaye haiwezi tosha. Kamera ya wale ndugu wawili Lumière wa Ufaransa, 1895, ilikuwa ya kuzungusha na mukono, foto karibu 16 kwa segonde.

Ndani ya kamera iko giza. Siku moja mchana nililala mu nyumba yetu ya mbao, mulango umefungwa, kuko tobo moja ya musumari, nikaona ku ukuta mapikipiki inapita miguu juu, bantu kichwa chini! Nikafikiri ni malaria. Kumbe ni mwangaza wa inje, na mu kamera foto inaingiaka vile vile, kichwa chini, ila kwa tobo banatiaka kioo ju ionekane wazi.

Filme yenyewe ni mukanda murefu wenye matobo pembeni. Kajino ka chuma kanaingia mu tobo, kanavuta, filme inasimama kidogo, foto inapigwa, kanavuta tena, na kila wakati kanavuta kuko kisahani kinazunguka kinafunika mwangaza, bila ile foto zote zingekuwa mistari mistari tu. Ile trrrrr unasikiaka ni yao.

Telefone ya papa haina mukanda, mwangaza unaanguka ku kipande kadogo chenye kinausoma, lakini foto ni mingi vile vile.

Na kama chukudu yako inapanda kilima yenyewe, umeachilia karatasi kutoka mbele, anza tena kutoka nyuma.