Kupima nyota changa kutoka Kizimkazi na kuilinganisha na eksirei zake

Eksirei za nyota hazifiki ardhini, hewa huzimeza zote. Kazi yetu huku chini ni kupima mwanga wa kawaida kwa saa isiyo na shaka, kisha kuuweka sambamba na vipimo vya Chandra au XMM-Newton, darubini za eksirei zilizoko angani, ambavyo vya zamani hupatikana bure mtandaoni.

Anza na RU Lupi, nyota changa ya magnitudo 11 hivi (kipimo cha mng'ao: namba ikizidi, nyota ni hafifu zaidi). Masika yakishakatika, katikati ya Juni, hufika juu kabisa karibu saa 5 usiku. Chagua usiku wa kiza, tarehe 26 hadi 3 za mwezi wa Kiislamu. Wavuvi wa dagaa nao huwasha taa siku hizohizo, basi kaa pahala pasipoonekana mashua zao.

Kuelekeza mhimili wa mota inayozungusha kamera ifuate nyota ndiyo taabu. Ncha ya kusini ya anga kwetu iko nyuzi 6 tu juu ya bahari, ndani ya ukungu wa chumvi. Usiitafute. Lenga nyota iliyo karibu na utosi kwa dakika 5. Ikihama kaskazini au kusini, zungusha stendi kushoto au kulia. Kisha lenga nyota ya mashariki, urekebishe kimo.

Lenzi ya milimita 200, f/4, ISO 800, sekunde 30, picha 20 za RAW (faili ghafi za kamera). Legeza fokasi kidogo: nyota ikiwa kali mno, pikseli ya katikati hujaa na kipimo huwa cha uongo. Funika lenzi, piga nyengine 10 za kiza kwa sekunde zilezile. Nyota zote zikififia pamoja, futa umande.

Kwenye kompyuta tumia chaneli ya kijani tu. Pima RU Lupi, nyota rejea (ya kulinganishia) na nyota ya ukaguzi (isiyobadilika, ya kuhakiki kipimo) kutoka ramani ya AAVSO, chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota zinazobadilika. Ya ukaguzi ikicheza zaidi ya magnitudo 0.1, tupa usiku huo.

Wengi hukosea saa. Saa 4 usiku ni 22:00, na kwa saa ya ulimwengu ni 19:00. Siku ya Julian, hesabu ya siku mfululizo wanayotumia wanaanga, kwetu hubadilika saa 9 alasiri, hivyo usiku mzima una namba moja; ikibadilika usiku wa manane, umekosea hesabu.

Sasa eksirei. Zikipanda ghafla na kushuka polepole ndani ya saa chache, huo ni mlipuko wa sumaku. Zikipanda pamoja na mwanga, kama nyota changa V1647 Orionis iliyowaka mwishoni mwa 2003, shuku gesi inayoiangukia nyota kutoka kwenye diski ya gesi na vumbi inayoizunguka. Zikipungua zile laini, zenye nishati ndogo, chini ya kiloelektronivolti 1, na ngumu, zenye nishati kubwa, zikabaki, kuna gesi imepita mbele. Usilazimishe michoro ifanane: Chandra ilipolitazama kundi la nyota changa la Orion kwa muda wa takriban siku 13, mwezi Januari 2003, kwa nyota changa nyingi mwanga na eksirei havikufuatana.

Ukituma vipimo AAVSO, andika TG (kijani cha kamera ya rangi), si V (kichujio rasmi cha wanaanga).