Jinsi ya kusikiliza albamu ya jazi ya watu watatu mpaka uanze kusikia wanavyotaniana

Nawajua watu wengi wanaosema jazi haiwaingii, na ukiwauliza sababu jibu ni lile lile, mwanzo wa wimbo wanauelewa vizuri tu alafu baada ya dakika moja hivi piano inaanza kukimbia na wao wanabaki wameachwa. Mi mwenyewe nilikaa hivyo miaka kadhaa. Kilichonifungua masikio siyo nadharia ya muziki, ni siku niliyogundua kwamba nilikuwa namsikiliza mtu mmoja kwenye maongezi ya watu watatu. Yaani ni sawa na kukaa pembeni ya mtu anayeongea na simu, unamsikia anacheka, anashangaa, anabisha, lakini wa upande wa pili humsikii, sasa utaelewa kinachochekesha? Na hizi trio za sasa hivi zinazopenda michezo ndo zinakuacha zaidi, kwa sababu utani wenyewe uko kwenye majibu.

Trio ninayoongelea hapa ni piano, besi na drams. Besi ni lile kubwa la kusimama lenye umbo la fidla, nyuzi nne, linadonolewa kwa vidole.

Vifaa napita haraka. Usisikilizie spika ya simu, tafadhali sana. Uzi mnene wa besi ukipigwa wazi unatoa sauti ya kama hertz 41, na kile kispika cha simu hakifiki huko chini hata kidogo, kwahiyo mmoja kati ya watatu unamsikia kivuli tu. Hedifoni za kawaida zinatosha. Alafu zima ile kitu ya kuchanganya nyimbo, waliopanga albamu walikuwa na sababu zao.

Sasa chagua trak moja. Moja tu, ya dakika nne au tano, utairudia mara nne, ya kwanza kuhesabu tu, alafu hizo tatu nyingine kila mara unamfuata mtu mmoja. Ukiweza pata trak ambayo ni wimbo unaoujua tayari, maana utani unataka ujue kinachotaniwa. The Bad Plus, bendi ya Marekani iliyoanza mwaka 2000 ikiwa trio, kwenye albamu yao ya 2003 walipiga wimbo wa bendi ya roki Nirvana, na wengi waliokulia kwenye roki waliingilia mlango huo, kwa sababu masikio yao yalishajua nini kinafuata, kwahiyo kikichelewa au kikija kimegeuzwa wanashtuka papo hapo bila kufundishwa na mtu.

Mzunguko wa kwanza gonga mguu na uhesabu, hamna kingine. Nyimbo nyingi sana ambazo wanajazi wanapigia zimejengwa kwa vipimo 32, kila kipimo mapigo manne, na hivyo vipimo vimegawanywa vipande vinne vya nane nane: cha kwanza, kinarudiwa, cha tatu kinabadilika (hicho wenyewe wanakiita daraja), alafu kinarudi kile cha kwanza. Wakishapiga melodi yote mara moja wanarudi mwanzo wa vile vipimo 32 na kuanza kubuni juu yake, wanazunguka hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukilijua hili moja tu, woga unaisha. Piano haijapotea mahali popote, inazunguka nyumba ile ile, na kila ikifika kwenye daraja utasikia hewa inabadilika hata kama melodi haipo tena.

Albamu za sasa zitakusumbua kidogo hapa maana wanapenda mapigo saba, au matano, au wanabadilisha katikati. Usihesabu moja mpaka saba, utachoka na utapotea. Igawe: moja mbili, moja mbili, moja mbili tatu. Sema kwa mdomo kabisa ukiwa peke yako, baada ya dakika mbili mguu unaanza kujua wenyewe, na utaona ile saba ina kama kuchechemea fulani hivi, huo mchechemeo ndo wanauchezea.

Mzunguko wa pili ni besi, na hapa nakuomba ukae sana maana hapa ndo watu wengi wanapita. Zamani kazi ya besi ilikuwa kutembea, noti moja kila pigo, tuu tuu tuu tuu, kuwashikia wenzake ardhi. Trio ya mpiga piano Bill Evans ilibadilisha sana mambo hayo. Tarehe 25 Juni 1961, Jumapili, walirekodiwa kwenye klabu ya Village Vanguard New York, besi akiwa Scott LaFaro na drams Paul Motian, na ukisikiliza ile rekodi besi haitembei, inajibu, inamkatiza piano, wakati mwingine inapanda juu kabisa mpaka wanakutana sehemu moja. Nyuma unasikia glasi zinagongana na watu wanaongea yao! LaFaro alifariki kwa ajali ya gari tarehe 6 Julai, siku 11 tu baadaye, ana miaka 25. Kila nikisikia mpiga besi wa leo anamchokoza mpiga piano namkumbuka yeye. Ukishindwa kuisikia besi piano ikiwa imejaa, subiri piano inyamaze, ishike hapo, alafu usiiachie piano ikirudi.

Mzunguko wa tatu drams. Usisikilize ngoma kubwa, sikiliza matoazi na zile brashi za waya. Mpiga drams anazungusha brashi juu ya ngoma ndogo, unasikia kama mtu anafagia taratibu chumba cha pili, na ndani ya kufagia huko kuna mapigo madogo madogo yanayotokea na kupotea. Kuna mchezo pia wa kupeana vipimo vinne vinne, piano anapiga vinne, drams vinne, wanarudishiana, na mpiga drams mzuri atachukua mdundo wa sentensi ya mwisho ya piano na kuurudisha ukiwa umepinda kidogo, kama mtoto anayemuiga mkubwa kwa makusudi vibaya. Hapo utacheka kwa sauti, niamini.

Mzunguko wa nne ndo piano, na utashangaa imekuwa nyepesi. Tenganisha mikono. Erroll Garner ndo mwalimu wangu kwa hili, mkono wa kushoto unapiga sawasawa kama gitaa la rithimu, wa kulia unachelewa nyuma kidogo kama mtu anayejivuta makusudi, alafu unakimbia kuwahi. Na utangulizi wake ulikuwa wa kupoteza watu, unazunguka huku na kule, hata wenzake jukwaani walikuwa wanasubiri waone wimbo gani unakuja. Mwingine ni Ahmad Jamal, yeye utani wake ni kunyamaza. Rekodi yake ya Chicago ya 1958 ilikaa kwenye chati ya mauzo Marekani zaidi ya wiki 100, na sehemu tamu kabisa ni pale asipopiga kitu, besi na drams zinaendelea na wewe unainama mbele unamsubiri.

Niseme kitu kimoja ambacho baadhi ya watu hawatakipenda, siyo kila albamu inayorukaruka ina utani. Kuna nyingine zinabadilisha spidi kila sekunde kumi na wote watatu wanatua pamoja bila kukosea, na mi naona hapo wamekariri, wanafanya mtihani. Kipimo changu ni hiki: je, kuna mahali mmoja wao ameshtuka? Ukisikia mpiga piano anasita nusu pigo kwa sababu ya kitu alichofanya mwenzake, umepata albamu ya kweli, inunue.

Ukishamaliza mizunguko minne, tafuta sehemu moja iliyokufurahisha, rudisha nyuma sekunde kumi, na ujiulize nani kaanza. Mi kuna trak nilikuwa naipenda kwa ajili ya sehemu moja ambapo piano inaacha ghafla melodi na kuanza kugonga noti moja tu juu juu, tin, tin, tin, nikawa nampa sifa mpiga piano miezi mingi. Nikarudisha mara ya tano na hedifoni. Kumbe vipimo viwili kabla yake mpiga drams alikuwa amegonga kile kitovu cha toazi mara moja tu, kidogo sana, tin.