Tundu la bega likivunjika: mambo ya kuzingatia kabla ya vipimo na matibabu

Tundu la bega ni sehemu yenye umbo la kisahani kwenye ukingo wa nje wa kombe la bega, ambamo kichwa cha mfupa wa mkono wa juu huzunguka. Kombe limezungukwa na misuli minene, hivyo tundu hili halivunjiki kirahisi. Huvunjika kwa pigo kubwa, kama la ajali ya bodaboda au kuanguka kutoka juu ya mnazi, ama bega linapoteguka na kichwa cha mfupa kikamegua ukingo. Kwa hiyo, kabla ya kumwona daktari, mgonjwa au ndugu anayemsindikiza ajiandae kueleza jinsi alivyoanguka, mkono ulivyokaa wakati huo, kama bega limewahi kuteguka, na kama kuna mtu aliyelivuta kulirudisha.

Nguvu inayovunja kombe huweza kuumiza pia mbavu, mapafu, shingo na kichwa. Aliyebanwa kifua au anayepumua kwa shida akimbizwe hospitali mara moja, kabla ya yeyote kuulizia picha ya bega. Ganzi upande wa nje wa bega, vidole vilivyolegea, au mkono uliopoa na kubadilika rangi, ni dalili za kutajwa hata kama daktari hajauliza. Pete na bangili zivuliwe mapema, kwani mkono ukivimba hazitoki tena na huenda pete au bangili hizo zikalazimika kukatwa. Kuhusu kuchua, ambako wengi wetu hukukimbilia kwa nia njema, ni afadhali mkono ufungwe kifuani kwa khanga na kuachwa hivyo hivyo, maana kipande kilichomeguka kinaweza kusogea zaidi.

Eksirei moja iliyopigwa kutoka mbele haitoshi kumpa mtu uhakika, kwa sababu mifupa hupandana kwenye picha na ufa ukafichika. Ni haki ya mgonjwa kuuliza kama bega limepigwa picha kwa pembe zaidi ya moja, ikiwemo ile ya kupitia kwapani. Ufa ukionekana au ukishukiwa, kwa kawaida huombwa CT skani, ambayo huonyesha ukubwa wa kipande na umbali kilikosogea. Mwanamke mjamzito aseme kabla ya picha yoyote, na picha za awali zibebwe zote.

Swali zito si kama mfupa umevunjika, bali ni kama uso wa tundu umebaki sawa na kama kichwa cha mfupa bado kinakaa katikati yake. Vipande ambavyo havijasogea hupona vingi bila kisu, mkono ukiwa umening'inizwa. Uso ukipishana kwa milimita 4 au 5 na zaidi, au kipande cha ukingo kikifikia takribani robo ya tundu, madaktari wengi huanza kufikiria upasuaji, ingawa umri, kazi na afya ya mgonjwa huweza kubadili uamuzi. Familia inayosubiri michango au kibali cha bima ifahamu kwamba kupanga vipande ni rahisi zaidi ndani ya wiki 2 au 3 za mwanzo, kabla mfupa haujaanza kujiunga vibaya. Anayetoka wilayani aulize siku hiyo hiyo kama atapewa rufaa kwenda hospitali kubwa, mathalani MOI (taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam), KCMC ya Moshi au Bugando ya Mwanza, ili nauli na mtu wa kumsindikiza vitafutwe mapema.

Kabla ya upasuaji, dawa zote zitajwe, hasa za kisukari na za kuzuia damu kuganda, na maelekezo ya kutokula yafuatwe kikamilifu.

Kinachosahaulika zaidi ni nyumbani. Bega lililotulizwa muda mrefu hukakamaa, na mazoezi mepesi ya kulichezesha huweza kuanza mapema, kwa ruhusa ya daktari tu. Kubeba ndoo au kurudi kwenye pikipiki huchukua miezi, mara nyingi 3 au zaidi, na mwenye kibarua cha siku apange jinsi familia itakavyokula katika kipindi hicho. Ziandaliwe nguo zenye vifungo mbele na mito ya kuegemea wakati wa kulala, na tarehe ya kwanza ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, iandikwe kwenye kadi kabla mgonjwa hajatoka wodini.