Tangi la kwanza la matumbawe nyumbani: anza na maji, samaki watakuja

Mtu akitaka kuanza tangi la bahari swali lake la kwanza huwa ni samaki, niweke wa aina gani, wangapi, yule wa chungwa mwenye mistari myeupe anakaa na nani, na mi jibu langu ni lilelile kila siku, samaki waache kwanza tuongee maji. Tangi la matumbawe ni kazi ya kufuga maji. Yakikaa sawa na yakabaki sawa wiki baada ya wiki, hao wanyama wengine watakua tu, na yakiyumba hata ununue taa ya bei gani utakuwa unazika viumbe.

Ukubwa kwanza. Kama nafasi ipo chukua la lita 150 mpaka 250, usidanganyike na kale kadogo ka lita 40 eti ni rahisi kwa mwanzoni, kadogo ndio kagumu. Angalia hesabu hii: maji yanapotea kwa mvuke kila siku ila chumvi haiondoki, inabaki mlemle, sasa lita 2 zikipotea kwenye tangi la lita 40 chumvi inatoka gramu 35 kwa kila elfu za maji inaenda karibu 37, kwenye lita 200 lita hizohizo 2 hata hazistui. Ila ujue uzito, lita 200 pamoja na kioo, mawe na mchanga zinakaribia kilo 300, kwahiyo meza ya kawaida ya tivii haifai, tafuta stendi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, weka pima maji ya fundi juu yake pande zote uhakikishe imelala sawa, na usiweke dirishani jua linapopiga. Acha nafasi nyuma mkono upite. Na waya zote zishuke chini kwanza ndio zipande kwenye soketi, ili tone likitembea kwenye waya lidondoke chini badala ya kuingia kwenye umeme. Hili la waya watu wanalipuuza sana na ni la uhai wako wewe, sio wa samaki.

Sasa maji yenyewe. Maji ya bomba usitumie hivihivi, yana klorini, yana fosfeti na nitrati, mara nyingine yana shaba kutoka kwenye mabomba, na shaba kwa matumbawe, konokono na kamba ni sumu. Unahitaji maji yaliyopita kwenye mashine ya RO, inayochuja maji kwa utando mwembamba sana, yenye hatua ya DI mwishoni ya kuondoa madini yaliyobaki, ukipima kwa mita ya TDS, ile ya vitu vilivyoyeyuka kwenye maji, isome 0. Chumvi ni ile maalum ya akwariamu ya bahari, ya jikoni haina madini yanayotakiwa. Tumia ndoo safi ambayo haijawahi kuona sabuni, weka maji kwanza halafu ndio umimine chumvi taratibu pampu ikiwa inazungusha, ukimwaga maji juu ya chumvi inaganda na kuharibika. Inaenda kama gramu 35 mpaka 40 kwa lita kutegemea aina, iache izunguke masaa kadhaa kwenye nyuzi 25 mpaka maji yawe kioo kabisa. Lengo ni chumvi 35 kwa elfu, ambayo kwa kipimo cha uzito wa maji ukilinganisha na maji matamu ni 1.025 hadi 1.026. Pima kwa refraktomita, kifaa cha kusoma chumvi kwa mwanga, na hiyo refraktomita uisahihishe kwa maji maalum ya kipimo cha 35, kuna watu wamehangaika miezi wakidhani wana ugonjwa kumbe kifaa tu kinadanganya.

Vifaa sio vingi kama watu wanavyotishwa. Hita, na mi napenda hita mbili ndogo kuliko moja kubwa, manake hita mara nyingi inakufa ikiwa imeng'ang'ania kuwaka, ikiwa ndogo haitaweza kupika tangi zima kabla hujashtuka. Pampu za mkondo, jumla ziweze kusukuma mara 20 mpaka 40 ya ujazo wa tangi kwa saa, zielekezane ili maji yagongane na kuvurugika, tumbawe halipendi kupigwa na mkondo wa moja kwa moja kama hozi. Taa ya LED iliyotengenezwa kwa matumbawe. Skima, ile mashine ya mapovu, inayovuta uchafu wa protini kabla haujaoza, baada ya siku chache utakuta kikombe chake kimejaa maji ya rangi ya chai iliyolala yananuka vibaya, furahi, hiyo yote ingebaki kwenye tangi. Na kifaa cha kujazia chenyewe maji yaliyopotea kwa mvuke, ambacho kwangu kiko mbele ya skima kwa umuhimu. Kinajazia maji MATAMU ya RO. Sio ya chumvi. Mi mwaka wangu wa kwanza nilijazia maji ya chumvi karibu wiki mbili, nikiona maji yamepungua naongeza, kuja kupima imefika 1.030, konokono wamelala kwenye mchanga hawatembei, na kuishusha ikabidi niende kidogokidogo kwa siku kadhaa coz ukishusha ghafla unawamalizia kabisa.

Mawe yapange tangi likiwa kavu. Yakae juu ya kioo cha chini ndio mchanga uje baadaye, ukianza na mchanga kuna samaki na kamba wanaochimba chini na jiwe linaanguka, na jiwe likianguka usiku kwenye kioo asubuhi unaamkia mafuriko. Acha uwazi kati ya mawe na kioo upitishe sumaku ya kusugulia, tengeneza vijukwaa vya kuwekea matumbawe na mapango ya samaki kujificha. Watu wanarundika ukuta mmoja mrefu nyuma, haupendezi na maji hayapiti. Mchanga wa aragonaiti, ule wa chokaa ya bahari, sentimita 3 au 4 unatosha.

Halafu unasubiri, na hapa ndio wengi wanaharibu. Tangi jipya halina bakteria wa kula uchafu. Samaki akipumua na akinya anatoa amonia, inaua, kuna bakteria wanaibadili kuwa nitriti, wengine wanaibadili nitriti kuwa nitrati ambayo ina nafuu kubwa. Hao bakteria inabidi uwalishe mpaka waote kwenye mawe. Weka bakteria wa chupa, tia amonia ya akwariamu ifike kama 2 ppm, yaani sehemu 2 kwa milioni, zima taa, pima kila baada ya siku mbili tatu. Utaona amonia ikishuka, nitriti ikipanda, halafu nayo ikishuka. Siku utakayoweka amonia 2 ppm na baada ya masaa 24 ukakuta amonia na nitriti zote 0, tangi limeiva. Mara nyingi ni wiki 3 mpaka 6. Hapo badilisha sehemu kubwa ya maji kupunguza nitrati ndio uwaze samaki.

Samaki wa kwanza chukua wawili wadogo wa klaunifishi, Amphiprion ocellaris, waliozaliwa kwenye matangi, wamezoea chakula cha paketi na hawajatolewa baharini. Yule wa bluu mwenye mkia wa njano, Paracanthurus hepatus, muache, anafika karibu sentimita 30 na anataka kuogelea, lita 200 kwake ni kama stoo. Kila samaki mpya akae tangi la pembeni angalau mwezi kabla ya kuingia kwenye tangi kuu. Kuna kimelea kinaitwa Cryptocaryon irritans, kinaonekana kama chembe za chumvi mwilini, na dawa zake nyingi kama ile ya shaba huwezi kuzitia kwenye tangi lenye matumbawe, sasa kikishaingia inabidi samaki wote utoe ukawatibie kwingine na tangi likae bila samaki wiki kama 11. Wiki 11! Ndoo ya pembeni yenye hita na sponji ni rahisi kuliko hiyo adhabu.

Kati ya mwezi wa kwanza na wa nne tangi litakuwa baya, jiandae kisaikolojia. Kwanza vumbi la kahawia juu ya mchanga, halafu mwani wa kijani wenye nyuzi, wengine wanapata utando mwekundu kama kamasi. Hakuna kilichoharibika, tangi changa linagombea nafasi na litatulia. Ng'oa kwa mkono, nyonya kwa mpira wakati wa kubadilisha maji, ongeza konokono wachache, Trochus nawapenda sana kwasababu wakipinduka wanajigeuza wenyewe. Usimwage dawa. Na usipigane mpaka nitrati na fosfeti zisome 0 kabisa, hapo unawafungulia mlango dainoflajeleti, kamasi ya kahawia yenye mapovu, na hao wasumbufu kuliko mwani wowote. Nitrati ya 5 mpaka 10 ppm na fosfeti ya 0.03 mpaka 0.1 ppm ni sawa kabisa, tumbawe nalo linakula.

Matumbawe sasa. Ni wanyama, ila ndani ya nyama yao wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho, wanaotengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji, ndio maana taa ni muhimu hivyo. Mwezi wa tatu hivi anza na magumu kufa: tumbawe la umbo la uyoga la Discosoma, la ngozi la Sarcophyton, na zoanthasi, zile za vijiua vidogo vilivyosongamana. Lile la nyasi za kijani, Pachyclavularia, ni zuri ila liwekee jiwe lake la peke yake kisiwani, likigusa mawe makuu litatambaa kila mahali na halitoki tena. Kila kipande kipya kichovye kwanza kwenye dawa ya kuua wadudu, kikague chini kama kuna mayai, halafu kiweke chini kwenye mwanga mdogo ukipandishe taratibu wiki mbili tatu. Matumbawe laini yanatosheka na PAR, kipimo cha mwanga wanaoutumia hao mwani, ya 50 hadi 150, Acropora, yale magumu ya matawi, na jamaa zake wanataka 200 hadi 350, na hao Acropora wasubiri mwaka uishe.

Zoanthasi niseme kwa uzito. Baadhi yake, hasa Palythoa, zina palitoksini, sumu kali sana. Shika kwa glovu na miwani, usiikate ikakurukia machoni, usisugue jiwe lake kwa brashi nje ya maji, na jiwe la aina hiyo usije ukalichemsha wala kulimwagia maji ya moto, kuna familia zimelazwa kwa kuvuta mvuke wake.

Ukishaweka matumbawe yenye mifupa kama Euphyllia, kazi mpya inaanza. Yanajenga mifupa kwa kunyonya kalsiamu na alkaliniti, yaani kaboneti, kutoka kwenye maji, kwahiyo vinapungua kila siku na wewe unarudisha. Shika alkaliniti 8 hadi 9 dKH, hicho ndio kipimo chake, kalsiamu kama 420 ppm, magnesiamu kama 1300 ppm, na kama huna muda wa kupima vyote pima alkaliniti kila wiki, muda uleule wa siku, andika kwenye daftari. Ukibadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki mwanzoni inatosha kurudisha vyote, baadaye wakikua utaona namba inashuka haraka kuliko unavyobadilisha, hapo ndio unaanza kudozi, yaani kutia madini hayo ya maji, kidogo kila siku. Usipandishe zaidi ya dKH 1 kwa siku. Nilikuta yangu imeshuka mpaka 7 nikaogopa, jioni moja nikaipeleka 11, baada ya siku mbili Euphyllia imeanza kuachia nyama kwenye ukingo wa mfupa, weupe unaonekana kama kucha, na vichwa vitatu kati ya vitano havikurudi. Ile 7 ingekaa wiki nzima isingeua kitu.

Nunua pia pampu ya hewa ya betri uiweke karibu. Umeme ukikatika kinachoua kwanza ni kukosa hewa, baridi inachukua muda mrefu zaidi. Na kama una sampu, lile tangi la pili la vifaa, chini, zima pampu ya kurudisha maji makusudi siku ya kwanza uone maji yanayoshuka yanaenea au yanamwagika, bora ujue ukiwa umesimama hapo.

Mwaka ukipita vizuri utakata kipande chako cha kwanza. Euphyllia ya matawi kata mfupa chini kabisa ya nyama, sentimita kama 2 chini, kwa koleo la kukatia matumbawe, suuza kwenye maji yaleyale ya tangi, paka gundi ya super ya jeli kwenye kijiwe kidogo na ukandamize mpaka ishike. Kiache kwenye mwanga hafifu na mkondo wa wastani, usikiguse wiki nzima. Siku mbili za kwanza kitakaa kimejikunja kama ngumi. Halafu asubuhi moja taa zikiwa bado za bluu utakuta mikono imeanza kutoka, mifupi, ncha zake zinang'aa, inafuata mkondo kama ya mama yake.